Mke wa Mashoto na Redio ya Wifi

Kwa miaka saba wifi yake hakupita mbele ya duka lile. Akifika kwa mshonaji, mlango wa jirani, alivuka barabara, akatembea upande wa pili mpaka kwenye kona, kisha akavuka tena kurudi upande wake. Hakuwa anakwepa jua wala tope. Alitaka mwanamke aliyeinamia meza ya kazi mle dukani aone kwamba anakwepwa. Na mwanamke huyo alikuwa anaona. Aliinua macho, akautazama mgongo wa wifi yake mpaka ukapotea, akasonya, akarudi kwenye kazi yake.

Mtaani walimwita Mke wa Mashoto. Mashoto mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Moyo ulimsimama asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu. Lakini jina lilibaki juu ya mlango kwa rangi nyekundu: MASHOTO FUNDI REDIO. Alipewa jina hilo tangu utotoni kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, hata kukuna sikio la kulia. Alikuwa mtu wa watu. Alijua kutaniana na mteja, kumuuliza habari za mkwewe, kuipapasa redio kwa kiganja kama daktari anayetafuta homa, kisha kusema, "Niachie mpaka kesho." Kesho yake mteja alikuta redio inaimba, akaondoka akimsifu Mashoto hadi mwisho wa mtaa.

Nyuma ya pazia la maua lililogawa duka sehemu mbili, ambako mteja hakufika, mkewe ndiye aliyekuwa anafungua, anapima, anachomelea. Kabla ya kuolewa alifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha kuunganisha redio, kwenye mstari wa wanawake arobaini, kila mmoja na pasi yake ya risasi ya kuchomelea waya, kila mmoja na bodi zake mia mbili kwa siku. Kiwanda kilipofungwa, mikono ilikuwa imeshajua. Alikuwa akitazama kiungo kilichochomelewa na kukuambia kama kimeshika au kimedanganya. Kilichoshika hung'aa, kilichodanganya hufifia kama jicho la samaki wa juzi.

Mashoto naye alikuwa na kipaji, hilo mkewe hakulikana. Lakini alikuwa na haraka, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kadiri sifa zilivyozidi, ndivyo alivyozidi kusokota waya kwa vidole na kuzizungushia tepu, bila tone la risasi. Waligombana juu ya jambo hilo miaka kumi na minne ya ndoa yao.

"Waya wa spika haujawahi kumuua mtu," alikuwa akisema. "Wewe kiwanda kimekuharibu."

Siku tatu baada ya mazishi, dada mkubwa wa Mashoto, ndiye huyo wifi, alifika dukani na ndugu wawili wa kiume na kufuli jipya. Alisema duka ni la mdogo wake, mdogo wake hayupo, basi duka lifungwe na vifaa vichukuliwe na watu wa ukoo watakaojua la kufanya navyo. Mke wa Mashoto alikuwa ameketi mlangoni. Pasi ya risasi ilikuwa mkononi, imeshika moto, ncha yake inafuka moshi mwembamba.

"Ingia," alimwambia wifi yake. "Anza wewe."

Wifi hakuingia. Wale ndugu wawili walitazamana, mmoja akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumwona. Lakini tangu siku ile wifi alihamia kwenye silaha nyingine, mdomo. Kila alipoketi na watu alisema, "Yule? Fundi wa wapi! Anakula jina la mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa na mikono. Yule ana ulimi." Na wapo waliosadiki. Walileta redio zao, wakamkuta yuko peke yake, wakauliza fundi amekwenda wapi. "Ndiye mimi," aliwajibu. Wakasema watarudi. Hakuwabembeleza. Akazoea kujibu kwa ukali hata palipotaka upole, na wateja waliobaki walibaki kwa sababu vitu vyao vilipona, si kwa sababu walimpenda.

Sasa ikatokea redio ya wifi ikaanza kuugua.

Haikuwa redio ya kubebwa kwapani. Ilikuwa mtambo mzima: amplifaya nzito kama mfuko wa saruji, deki ya kanda, na spika mbili zilizofika mtu mzima kiunoni, moja huku, moja kule mwisho wa sebule. Kila jioni wifi aliketi kwenye kochi lake, akafungulia nyimbo za ujana wake, na majirani wakajua kwamba mama mwenye nyumba yuko ndani na hataki kuulizwa kitu. Miezi mitatu nyuma mtambo ukaanza vituko. Unaimba dakika kumi, labda robo saa, kisha ndani ya amplifaya kunalia "tak!" na sauti inakatika. Taa nyekundu inapepesa. Ukizima ukasubiri kidogo, unawaka, unaimba, halafu tak.

Mafundi watatu walipita pale. Wa kwanza alibadilisha fyuzi. Wa pili alibadilisha transista nne na kusema wa kwanza ni tapeli. Wa tatu alisema wa pili ndiye tapeli, akaondoka na amplifaya, akakaa nayo wiki tatu, akairudisha na vumbi lake lile lile. Ndipo mume wa wifi, mzee mpole aliyekuwa karani wa stoo mpaka alipostaafu, akasubiri mkewe aende sokoni, akaibeba amplifaya kwa toroli, akaitua juu ya meza ya Mke wa Mashoto.

"Shemeji, naomba usiniulize ni ya nani," alisema huku akihema.

"Naijua. Nilikuwepo Mashoto alipoitoa kwenye boksi."

"Basi usimwambie mwenyewe kwamba imefika hapa."

"Nitamwambia saa ngapi, shemeji? Tangu lini tunaongea?"

Alitoa mfuniko, akapuliza vumbi, akavuta taa karibu. Alichokikuta kilimpandisha mori. Risasi ilikuwa imemwagika kwenye bodi kama kinyesi cha ndege. Transista nne za bei ya chee zilikuwa zimekaa mahali pa zile nzuri za mwanzo. Na pale pa kukaa fyuzi, fundi wa tatu alikuwa amefunga kipande cha waya wa shaba.

"Njoo uone," alimwambia shemeji yake. "Fyuzi ni bawabu. Hatari ikija, yeye anakufa ili nyumba ipone. Hawa wamemfukuza bawabu wakaacha mlango wazi. Na bado mnawaita mafundi."

Shemeji alijua kwamba neno "mnawaita" halikumlenga yeye.

Mke wa Mashoto alisafisha uchafu wote. Aliweka fyuzi ya kweli. Alitoa transista nzima kutoka kwenye amplifaya nyingine iliyokufa, akazipanga badala ya zile mbovu. Alipima kapasita moja moja. Hakuna iliyovimba wala kuvuja. Kisha akaiunganisha na spika za dukani, akafungulia muziki saa tatu asubuhi, sauti juu, akaiacha. Kila nusu saa aliigonga bodi hapa na pale kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, maana kiungo kilicholegea hupiga kelele kikiguswa. Hakuna kilichopiga kelele. Saa tisa alasiri bado ilikuwa inaimba, na mshonaji alikuwa amekwisha kuja mara mbili kulalamika kwamba anashona kanzu, hayuko kwenye gwaride.

"Kwa hiyo imepona?" shemeji aliuliza alipokuja kuichukua.

"Sijasema imepona. Nimesema hapa kwangu haijaugua. Hayo ni mambo mawili."

Ilimtosha shemeji. Aliondoka nayo akitabasamu.

Kesho yake, kabla ya saa nne, wifi alikuja. Safari hii hakuvuka barabara. Alikuja moja kwa moja, kanga begani, viatu vinapiga sakafu, akasimama mlangoni akaziba mwanga wote.

"Umeifanya nini redio yangu?"

Mke wa Mashoto aliendelea kufungua skrubu ya pasi ya nguo ya mtu. "Habari za asubuhi, wifi."

"Usinipe habari zako! Huku kwako inaimba siku nzima, mtaa wote unaisikia. Ikifika kwangu, tak! Huo ni ufundi gani? Umeweka nini mle ndani?"

"Fyuzi. Na transista nne."

"Umeweka uchawi wako mle ndani!" Sasa mshonaji na wateja wake wawili walikuwa wametoka nje kusikiliza. "Miaka saba unaningojea. Mume wangu mjinga kakuletea mwenyewe mkononi. Mwizi mkubwa! Ulianza na duka la mdogo wangu, sasa umefika sebuleni kwangu."

Mke wa Mashoto aliweka bisibisi chini. Angeweza kusema maneno mengi; alikuwa nayo, ameyahifadhi miaka yote. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshika neno moja katika yale matusi yote, likamng'ang'ania kama mwiba. Huku inaimba. Kule inakufa. Basi ugonjwa haumo ndani ya amplifaya. Haujawahi kuwamo. Mafundi watatu na yeye wa nne wamempasua mgonjwa mzima.

"Spika na waya zake ziko wapi?" aliuliza.

"Ziko kwangu, na kwangu hazitoki! Ili uzibadilishe?"

"Basi nakuja mimi."

Hilo wifi hakulitarajia. "Wewe huingii nyumbani kwangu."

"Sawa. Kaa na tak yako."

Wateja wawili wa mshonaji walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichoamua. Wifi aliwageukia, akawatazama mpaka wakanyamaza, kisha akasema, "Saa kumi. Na usije na mkoba mkubwa. Nitaupekua ukiingia na nitaupekua ukitoka."

Na kweli aliupekua. Saa kumi kamili Mke wa Mashoto alisimama kwenye kizingiti ambacho hakukivuka tangu wiki ya msiba, akatazama wifi yake akitoa kitu kimoja kimoja: mita ya kupimia umeme, bisibisi tatu, koleo, pasi ya risasi, tepu. Hakukaribishwa kiti. Hakupewa hata maji. Shemeji alisimama kwenye mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje, kama mtu asiyejua mvua itanyeshea upande gani.

Sebule ilikuwa imebadilika. Zulia jipya jekundu lilikuwa limefunika sakafu ukuta kwa ukuta, na kochi kubwa la wifi lilikuwa limehamishwa kutoka dirishani hadi katikati, likitazamana na mtambo. Mke wa Mashoto aliyaona hayo, akayapita. Bado hayakumwambia kitu.

"Washa kama unavyowasha kila siku," alisema. "Na ukae kama unavyokaa kila siku."

"Huniamrishi."

"Basi usikae."

Wifi aliketi, kwa ubishi tu. Muziki ulianza. Walitazamana kwa dakika tisa bila kusema neno, na ukali wa jicho washinda wembe. Shemeji alitamani kurudi jikoni. Dakika ya tisa ilipopita, amplifaya ikalia tak.

"Umeona!" wifi alisema kwa furaha, kana kwamba ameshinda kesi.

"Nimeona." Aligusa mfuniko, ulikuwa umepata moto. Alichomoa waya wa spika ya kulia, akaacha ya kushoto peke yake, akawasha. Waliketi nusu saa. Ya kushoto iliimba bila kukohoa. Akabadilisha: akatoa ya kushoto, akarudisha ya kulia. Dakika sita, tak.

"Ugonjwa uko upande wa kulia," alisema.

"Hata mimi ningekwambia hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

Alibeba spika ya kulia, peke yake, akaipeleka upande wa kushoto, maana hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Kule nayo iliimba vizuri. Kwa hiyo spika nzima, amplifaya nzima. Kilichobaki ni kile kinachoziunganisha: waya wa kulia, uliopita chini ya zulia kutoka meza ya mtambo hadi pembe ya mbali. Aliuchomoa pande zote mbili ili usishike kitu chochote, akapiga magoti, akaweka ncha za mita kwenye nyuzi zake mbili. Kama nyuzi hizo zingekuwa zinagusana mahali, mita ingelia.

Wifi aliinuka kwenye kochi, akaja kusimama juu ya kichwa chake. "Nataka kuona unachofanya."

Mita ilikaa kimya.

Alisubiri. Akabonyeza ncha kwa nguvu zaidi. Kimya. Waya ulikuwa mzima.

Wifi alicheka kicheko kirefu cha kuumiza. "Haya, fundi! Amplifaya nzima, spika nzima, waya mzima. Nani mgonjwa sasa? Mimi?" Alimgeukia mumewe. "Umeona uliyemleta? Mdogo wangu angekuwa hai, angekuwa ameshamaliza na anakula." Akarudi kwenye kochi, akajitupa kwa uzito wake wote.

Mita ikalia. Ililia kwa sauti nyembamba ya kukera, bila kukoma.

Mke wa Mashoto hakusogea. Aliitazama mita, kisha akainua uso polepole.

"Inuka, wifi."

"Nini?"

"Inuka kwenye kochi."

Alisema kwa namna iliyomfanya wifi ainuke kabla hajaamua. Mita ikanyamaza.

"Kaa."

"Unanichezea!"

"Kaa, wifi!"

Akakaa. Mita ikalia. Kule mlangoni shemeji alijifuta uso kwa kiganja ili kuficha kicheko, akanong'ona, "Kikulacho ki kochini mwako." Mkewe alimsikia. Alimrushia jicho ambalo lingekausha nguo.

Walisogeza kochi, wakakunja zulia. Pale mguu wa mbele wa kochi ulipokuwa umekanyaga, waya ulikuwa na kiungo. Mtu aliukuta mfupi, akaurefusha. Alisokota nyuzi mbili na mbili, zote mahali pamoja, ubavu kwa ubavu, akazungushia tepu. Gundi ya tepu ilikuwa imekauka kwa miaka, tepu imeteleza, na shaba mbili zilikuwa uchi, zimeachana kwa unene wa unywele. Kochi lilipokuwa dirishani hakuna aliyezikanyaga. Tangu lilipohamishiwa katikati, kila mama mwenye nyumba alipoketi kusikiliza nyimbo zake, mguu wa kochi ulizibana shaba zikagusana, amplifaya ikapata moto, ikajizima ili isiungue.

"Nani mpumbavu kafunga hivi?" wifi aliuliza. Aliuliza kwa hasira ya kweli. "Fundi gani huyu? Yule wa tatu?"

Mke wa Mashoto alikuwa ameshika kiungo kile kwenye kiganja. Hakuhitaji kuambiwa. Watu wengi husokota waya kuelekea kulia. Huu ulisokotwa kuelekea kushoto, mizunguko mitano, mmoja ukiwa umelala juu ya mwingine. Alikuwa ameona mizunguko ile mara elfu. Alikuwa ameifumua nyuma ya pazia, akaichomelea upya, akakaa kimya, na redio ikaenda kusifiwa mbele ya duka.

Miaka saba alikuwa ametamani nafasi hii. Sasa ilikuwa imekaa mkononi mwake.

"Mdogo wako," alisema.

"Nani?"

"Mashoto. Tazama mwenyewe. Amesokota kwa kushoto."

Uso wa wifi ulibadilika rangi. "Unamtukana maiti. Nyumbani kwangu, unamtukana mdogo wangu maiti!" Alimsogelea mpaka pumzi zao zikagusana. "Umekiweka wewe hicho! Umekitoa kwenye mkoba!"

"Mkoba uliupekua."

"Muongo mkubwa! Mdogo wangu hakuwahi kufunga kitu kibovu. Mtaa mzima unamjua!"

"Mtaa mzima unanijua mimi, haujui tu kwamba ni mimi," alisema, na sauti ilimpasuka katikati. "Nilimwambia! Tia risasi, achanisha viungo, kimoja huku kimoja kule, visije vikakutana. Miaka kumi na minne nilimwambia. Alinicheka."

Wifi aliinua mkono. Ungeshuka shavuni, hakuna shaka, lakini mumewe alizungumza kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma karatasi ya stoo.

"Ni yeye, mama. Nilimshikia waya mimi mwenyewe. Ulikuwa mfupi. Alisema atarudi kuutia risasi wiki ijayo, akaondoka, na sisi tukasahau."

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka. Wifi aliketi, si kwenye kochi, bali kwenye meza ndogo. Aliangalia ukuta. Ilikuwa kama vile mdogo wake amekufa tena, safari hii mbele ya mtu ambaye hakutaka aone.

"Funga," alisema mwishowe. "Funga halafu utoke."

Alifunga. Alifumua mizunguko ile mitano, akakata uzi mmoja mfupi na mwingine mrefu ili viungo visikutane, akachomelea, akasubiri risasi ing'ae, akavisha tepu mpya, akauhamisha waya ukapita kandokando ya ukuta. Wakarudisha kochi. Wifi hakuketi, shemeji ndiye aliyekaa, na muziki uliimba saa nzima bila kukatika. Mkoba ulipekuliwa tena mlangoni. Ahsante haikutoka, na hakuingoja.

Njiani kurudi alitegemea kusikia utamu. Alikuwa ameshinda, na mashahidi walikuwepo. Badala yake alikuta hasira, na si ya wifi. Ilikuwa ya Mashoto. Kwa miaka saba hakupata nafasi ya kumkasirikia marehemu, maana kila aliyefungua mdomo alimshambulia yeye, na akiwa vitani mtu hawezi kugeuka nyuma kumgombeza aliyemweka vitani. Sasa alimgombeza barabara nzima, midomo inacheza, watu wanampisha. Umeniachia mdomo wa dada yako. Umeniachia sifa zako nizilinde. Na umeniachia waya zako.

Neno hilo la mwisho likamsimamisha karibu na duka la vinyozi. Waya zako. Kwa wifi ulikuwa waya wa spika, na waya wa spika, kama alivyosema, haujawahi kumuua mtu. Lakini Mashoto alikuwa mtu wa watu. Nyumba ngapi zilimwomba amalizie na soketi ya jikoni, taa ya varanda, waya wa kurefusha umeme wa jokofu? Na mkono wake ulikuwa ule ule, na haraka ile ile.

Wiki iliyofuata alianza kuzunguka kukagua waya hizo. Alikuwa na daftari la zamani la kazi za Mashoto, akafuata nyumba moja baada ya nyingine, jioni baada ya kufunga duka. Haikuwa kazi ya kupokelewa vizuri. Wengine walidhani amekosa wateja na sasa anabisha hodi kuwatafuta. Mama mmoja alimwambia waziwazi kwamba wifi yake alikuwa sahihi, mjane gani anazunguka kumchafua mumewe? Wifi mwenyewe alikuwa anatangaza kotekote kwamba yeye ndiye aliyegundua ubovu wa redio, kwa kukaa tu, na kwamba yule mwanamke alikuwa amepiga magoti bila kujua la kufanya. Wala hakuwa anasema uongo mtupu. Mke wa Mashoto alisikia, akasonya, akaendelea na daftari lake. Katika nyumba tisa za mwanzo alikuta viungo vinne vya kusokotwa kushoto. Kimoja kilikuwa kimeanza kuunguza ubao.

Nyumba ya kumi ilikuwa ya mwashi mmoja mnene, aliyesimama mlangoni akijaza fremu nzima.

"Sikukuita," alisema.

"Najua. Mume wangu alikufungia soketi ya jikoni."

"Na inafanya kazi. Mashoto alikuwa fundi. Nenda zako."

"Ina joto ukiigusa?"

"Nimesema nenda..."

"Ina joto," sauti ya mkewe ilitoka ndani. "Na tepu imekuwa ya kahawia. Nimekwambia tangu mwezi uliopita."

Mwashi aligeuka kumjibu mkewe, na Mke wa Mashoto akapita ubavuni mwake na mkoba. Jikoni alizima umeme kwenye bodi ya mita, akajipenyeza nyuma ya kabati, akaukuta waya. Mwashi alimfuata. Alisimama juu yake, mikono kifuani, akamwambia kwamba bisibisi haishikwi hivyo, kwamba atavunja ukuta wake, kwamba wanawake wa siku hizi...

"Shika tochi au toka," alimwambia bila kugeuka.

Mwashi alinung'unika kitambo. Kisha akaichukua tochi, akaiwasha, akaumulika ukuta wake.

"Kwenye waya," alisema Mke wa Mashoto. "Huko ukutani hakuna kitu."